Mkwaju wa Sebuleni kwa Mkwe

Nimefundisha shule ya msingi kule Handeni mpaka nikastaafu, na katika kazi hiyo nimeona wanaume wakipenda vitu vya kila aina: ng'ombe, redio, pikipiki, mpira, wake za watu. Lakini mwanamume mzima, mwenye ndevu zake na kazi ya ofisini, kuupenda mti unaokaa kwenye sinia, hilo sikuwa nimeliona. Nililiona Korogwe, nyumbani kwa mkwe wangu, nilipokwenda kumkanda binti yangu baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza.

Mti wenyewe ulikuwa mkwaju. Naomba nieleweke vizuri: mkwaju. Kwetu Mazingara mkwaju mmoja unafunika mbuzi wa ukoo mzima na kivuli kinabaki. Huu wa mkwe, hata ukiwa juu ya stuli yake, haukunifika begani. Ndiyo, ulikuwa na stuli yake, na juu ya stuli kilitandikwa kitambaa nilichokifuma mimi mwenyewe ili binti yangu awekee chupa ya chai wakija wageni. Shina lilikuwa limezungushiwa waya, matawi yamevutwa huku na huku, na chini kulikuwa na kisinia cha udongo chenye kina cha sahani ya wali. Nilipoingia na mabegi yangu siku ile, kabla hata sijaonyeshwa mjukuu, mkwe akanionyesha mti.

"Karibu sana, mama. Huu ndio bonsai wetu."

Wetu! Binti yangu yuko chumbani, anauguza mshono, hata kuketi hajaweza vizuri, na mumewe ananitambulisha kwa mti.

"Maskini," nikasema. "Haukupata mbolea?"

Akacheka, akaanza kunielimisha. Mkwe wangu ni mtu wa kuelimisha. Wazee wake ni wa Mpale, huko milimani, lakini yeye amekulia Dar, na watu waliokulia Dar wakija kufanya kazi huku kwetu hudhani sisi tumezaliwa juzi. Akanieleza kwamba hii ni sanaa ya Wajapani. Akanieleza kwamba aliuotesha kutoka kwenye kokwa alipokuwa chuoni, kabla hajamjua binti yangu, na kwamba kila alikopangiwa kazi alihama nao, ameupakata kwenye basi. Siri yake yote, akasema, ni kuunyima nafasi. Unaunyima nafasi, mama, nao unajifunza kuwa mkubwa ndani ya udogo. Maneno hayo aliyasema macho yamelegea kama mtu anayesikiliza kaswida. Nikamwitikia, "Hewaa, baba," nikaenda zangu kumwona mjukuu.

Siku zile zile tulikwenda kliniki kumpima mtoto uzito. Nesi akatukalisha kwenye mabenchi, mama wazazi na sisi bibi wa watoto, akatufundisha habari za udumavu. Mtoto asipolishwa sawasawa anadumaa, na akishadumaa ndiyo basi tena. Wenzangu walikuwa wanatikisa vichwa kwa huzuni, mimi nimebana kicheko hadi mbavu zinaniuma. Serikali inahangaika na udumavu nchi nzima, na hapo mjini kuna msomi anaulea sebuleni kwa mkasi, tena anauonyesha wageni!

Nisingeweza kumwambia. Mkwe hasemwi. Kwetu mama mkwe haketi kochi moja na mume wa binti yake, hapishani naye kwenye ujia bila kukohoa kwanza, na wala hamkodolei macho. Yeye huniamkia kwa mbali, kichwa kimeinama: "Shikamoo, mama." Nami humjibu huku nikitazama pembeni: "Marahaba, baba." Kwa hiyo dharau yangu yote ilibaki tumboni. Nilikuwa nikiyasimulia maharage wakati nikiyachambua.

Sasa nije kwenye kitovu.

Kitovu cha mjukuu wangu kilidondoka vizuri, kikavu, asubuhi moja nikimwogesha. Nikakifunga kwenye kitambaa cheupe, nikakizungushia uzi mweusi, nikamuuliza binti yangu tunakizika wapi. Hilo si swali dogo. Pale kitovu chako kilipozikwa ndipo kwenu, hata ukafie Ulaya. Sisi Wazigua ukoo tunaufuata kwa mama, na mjukuu wangu ni mtoto wa kike, ndiye atakayeubeba. Kwa hiyo mimi jibu nilikuwa nalo: Mazingara, nyuma ya nyumba ya mama yangu. Lakini wakwe zetu wa Mpale ni Washambaa, wao wanahesabu kwa baba, na mama yake mkwe alikuwa ameshapiga simu kusema kitovu kisubiri, kipelekwe mlimani. Binti yangu akamtazama mumewe.

"Mambo ya mila hayo," akasema mumewe, "tutayapangia siku yake." Akachukua kile kichupa chake cha kupulizia maji, akaenda kuunywesha mti.

Siku yake! Kitovu cha mtoto wa watu kikawekwa juu ya kabati, ndani ya kikopo cha pamba, pamoja na vifungo vya mashati na betri zilizokufa. Mkwaju una stuli na kitambaa, kitovu kina betri mbovu. Nilivumilia. Kisha siku moja nikasikia panya anakwaruza darini, na nilipopanda juu ya kiti kuangalia, nikakuta kile kikopo kimesogezwa mpaka ukingoni. Mimi ni mwalimu, siamini kila linalosemwa. Ila hata asiyeamini chochote haachi kitovu cha mjukuu wake kiliwe na panya.

Nikatoka nacho uani nitafute pa kukihifadhi mpaka nitakapopata nafasi ya kwenda Mazingara. Uani pote pevingi, yale matofali ya saruji. Kuanzia mlango wa jikoni mpaka getini, hata chini ya kamba ya nguo, pevingi tupu. Nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba hataki kuona tope. Nilizunguka pale nimefumbata kitovu mkononi, nikasukuma tofali moja baada ya jingine kwa kidole cha mguu kama kuna lililolegea. Hakuna. Udongo pekee uliokuwepo katika makazi yale ulikuwa sebuleni, juu ya stuli.

Nikakizika mle. Mkwe alikuwa kazini, binti amelala. Nikachimba pembeni mwa shina kwa kijiko cha chai, nikakisukuma chini kadiri kidole kilivyofika, nikarudishia ule ukijani laini unaoota juu ya udongo, ambao mwenyewe anauita zulia. Nikajiambia hiyo ni amana tu, nitakitoa siku ya kuondoka. Binti aliponiuliza kitovu kiko wapi nikamwambia nimekishughulikia. Hakuuliza zaidi.

Kumbe alimweleza mama mkwe wake kwenye simu, kwa maneno yale yale: mama ameshakishughulikia. Mwenzangu aliposikia hivyo akafunga mizigo akateremka kutoka Mpale.

Mkwe mwenzangu ni mwanamke mfupi, mkimya, wa kuvaa sweta. Yaani sweta la sufu, Korogwe, penye joto la kukausha nguo kabla hujamaliza kuianika, na vifungo vyote amefunga mpaka shingoni. Alikuja na mkungu wa ndizi, na miwa, na kiroba cha kabichi, maana watu wa mlimani wanadhani sisi wa huku chini tunakula vumbi. Akambeba mtoto, akamsemesha Kishambaa, naye mtoto hajui hata Kiswahili. Baada ya chai akaomba kuonyeshwa uani. Alisimama mlangoni mwa jikoni akazitazama zile pevingi kutoka ukuta hadi ukuta. Akarudi sebuleni. Akautazama mkwaju. Akanitazama mimi. Akautazama tena mkwaju.

"Mti mzuri," akasema.

"Ni wa mwanao," nikamjibu.

"Una afya. Kuna kitu umelishwa."

Nikajua ameshajua. Naye akajua kwamba nimemjua. Na hakuna aliyeweza kulisema wazi, kwa sababu mwanawe alikuwa amekaa palepale na kikombe cha chai, anatabasamu, amefurahi kwamba wazee wameanza kuuelewa mti wake.

Tangu hapo tukawa walinzi. Nikifagia sebule, na yeye yumo, anafuta vumbi kwenye televisheni niliyoifuta asubuhi. Akiinuka kwenda msalani nami nanyanyuka, lakini kabla sijaufikia mti amesharudi kuchukua kanga aliyoiacha makusudi kwenye kiti. Akisema anapumzika, analala kochini, uso kaelekeza kwenye stuli, jicho moja wazi kama kuku. Khaa! Mwanamke yule alikuwa mjanja, na ujanja wake wa kimyakimya ulinichosha kuliko kelele. Sikupata hata nafasi ya kuchota kijiko kimoja. Yeye naye hakupata.

Miezi ikapita hivyo. Masika yalipokaribia, Jumamosi moja tukiwa tunakula bada la muhogo na mlenda wa dagaa, mimi kwenye mkeka wangu wa pembeni, mkwe akasafisha koo na kutangaza kwamba kesho yake anauhamisha mti.

"Kuuhamishia wapi?" akauliza mama yake haraka mno.

"Simaanishi mbali, mama. Kwenye sinia jingine." Akatueleza. Mizizi imejaa, imebanana. Anautoa mti, anaichana mizizi yote mpaka udongo wa zamani uishe, anakata mizizi iliyozidi, kisha anaurudisha na udongo mpya. Usipofanya hivyo kila baada ya miaka kadhaa, unajikaba na kufa.

"Na ule udongo wa zamani?" nikauliza, nikijifanya natafuta mwiba kwenye dagaa. "Unakwenda wapi, baba?"

"Unatupwa tu, mama. Umeshachoka."

Kitovu cha mjukuu wangu kiende jalalani, na maganda ya ndizi!

"Nitakusaidia," nikasema.

"Na mimi," akasema mkwe mwenzangu, sijafunga mdomo.

Mkwe wangu aliweka tonge chini. Macho yalimlengalenga, wallahi. "Sikutegemea," akasema. "Kusema kweli, wazee wangu, sikutegemea." Binti yangu aliacha kutafuna. Alinitazama mimi, mama yake, ambaye hajawahi kuketi mkeka mmoja na mkwe wake, halafu akamtazama yule mwingine, halafu akainama juu ya sahani yake.

Asubuhi ya Jumapili tukaketi barazani. Mkwe alitandika sandarusi, akakunjua kitambaa chenye mifuko ambamo vyombo vyake vimelala: mikasi ya ukubwa mbalimbali, koleo, kijiti kama cha mishikaki, na reki ndogo ya kumchania mwanasesere. Alivaa glavu. Pembeni aliweka huo udongo mpya, na mimi niliyelima kila likizo ya maisha yangu nikauinamia niuone. Ulikuwa matofali yaliyopondwa, kokoto za mtoni na vipande vya mkaa. Alikuwa ameuchekecha wiki nzima, akatupa udongo wote, akabakiza mawe. "Vumbi ni adui, mama," akaniambia. Anasema hivyo Korogwe, kiangazi kinaisha, vumbi limetanda mpaka kwenye kope zake mwenyewe.

Mimi nilikuja na ndoo. Mkwe mwenzangu alikuja na kile kiroba cha kabichi. Tulikaa huku na huku, mti katikati, mimi kanga nimeivuta mpaka usoni kwa heshima ya mkwe. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akatuona, akashuka taratibu.

Mkwe akakata waya ulioshikilia mti, akapitisha kisu ukingoni mwa sinia, akaunyanyua. Ulitoka na udongo wote, umeshika umbo la sinia kama mkate unavyotoka kwenye kopo, na chini mizizi imesukana. "Ona hiyo, aisee," akanong'ona. Akaanza kuichana kwa ile reki, polepole, anaipuliza, anaiomba radhi. Udongo ukaanza kuanguka. Nikasukuma ndoo. Mwenzangu akasukuma kiroba.

"Acheni tu wazee, nitafagia mwenyewe."

"La, baba," nikasema. "Tunautaka. Ni kwa ajili ya mchicha."

"Mchicha wa wapi?" Alikuwa binti yangu, amesimama mlangoni na mtoto kifuani.

Tulikuwa tunakinga udongo, mkono wangu na mkono wake inapigana vikumbo chini ya mizizi, kila bonge linaloanguka tunalivunja vidoleni kabla halijafika chini. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, vimezoea kuchambua mboga, nami nikavichukia. Kila alipopata bonge gumu niliacha langu nikamchungulia vidole. Nilipopata mimi, nilimsikia anavuta pumzi.

Kisha reki ikanasa.

"Kuna uchafu humu," akasema mkwe. Akainama, akasukuma udongo kwa kijiti. Kikaonekana kitambaa kilichogeuka rangi ya tope, na uzi mweusi. Mizizi myembamba kama nywele ilikuwa imekizunguka na kupenya ndani yake. Alikivuta kidogo, hakikuja. "Nani ameweka kifurushi humu? Haidhuru, mzizi huu wenyewe umekaa vibaya, nakata hapa juu vitoke vyote."

Akachukua mkasi.

"Acha!" Sauti zetu zilitoka pamoja, mimi na mkwe mwenzangu, na mtoto akashtuka akaanza kulia.

Mkwe akabaki mkasi umeachama. Akanitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akamtazama mama yake. Nani aseme? Mimi siwezi, kitovu ni jambo la chumba cha uzazi, halitamkwi na mama mkwe mbele ya mkwe wake. Mama yake angeweza, ni mwanawe wa kumzaa. Lakini alitaka niaibike mimi. Akaanza kukagua vifungo vya sweta lake kimoja kimoja. Loo! Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule.

"Ni kitovu cha mwanao," akasema binti yangu.

"Kimefikaje humu?"

"Mlikiachia panya," nikasema, nikiuambia ukuta. "Mimi nimekihifadhi. Na leo nakipeleka Mazingara."

"Kinakwenda Mpale," akasema mkwe mwenzangu. Kumbe sauti anayo. "Ulikiiba, mama. Umekuja kukanda mzazi, ukaiba kitovu."

"Nilikiiba kutoka wapi? Kwenye betri mbovu?"

"Mtoto ana baba!"

"Baba yuko wapi?" Hapo nikamgeukia mkwe, kanga imeniteleza mpaka mabegani na sikuivuta tena. "Si huyu anayechana nywele za mti? Mtoto wake hana hata mahali pa kuzikwa kitovu, yeye anachekecha kokoto! Mwanamume gani wewe? Watu wanapanda miti wavune, wewe unapanda uukataze usikue! Na mwanao utamnyima nafasi? Utamfunga waya?"

Nililisema. Miezi yote ile nililimeza na sasa nililitapika lote barazani kwake, jirani akisikia. Sikujuta, na hata leo nikikumbuka sijutii. Nilimdharau, na nilitaka ajue kwamba namdharau.

Mkwe alivua glavu. Akaupakata ule mti juu ya suruali yake safi, tope likimchuruzikia magotini, akachukua kile kijiti akaanza kuitenganisha mizizi na kitambaa, uzi kwa uzi. Alichukua muda mrefu. Hata mtoto alinyamaza. Nilitaka kumwambia vidole vyake vizito, ila havikuwa vizito. Jasho lilimdondoka puani, akalifuta kwa bega ili asiuachie mti.

"Hakitoki," akasema mwisho. "Mizizi imepita ndani. Siwezi kukitoa bila kukikata."

Mkwe mwenzangu akafunika mdomo kwa mkono. Kitovu kupitishiwa mkasi! Hilo hata mimi mwalimu mwili ulinisisimka.

"Basi usikate kitu," akasema binti yangu. "Kizikwe hivyohivyo. Na mti wake."

"Mti wote?"

"Wote. Ardhini."

Mumewe akauinamia mti. "Ukienda ardhini hautakuwa bonsai tena."

"Utakuwa nini?"

"Mkwaju," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika nguzo ya baraza. Tena niliona nimeshashinda, maana mti wenyewe ulikuwa upande wangu. "Na mkwaju hauoti Mpale," nikawaambia. "Baridi ile itauua kabla ya Idi. Mkwaju ni mti wa kwetu, wa nchi kavu. Mazingara hata mtu akitema kokwa unaota." Mkwe mwenzangu alijua nasema kweli. Alikikunja kile kiroba chake kikawa kidogo, akakikunja tena, na mimi nikaanza kuhesabu moyoni nitapanda gari gani.

"Tuna kiwanja Makuyuni," akasema binti yangu.

Hicho kiwanja, nje ya mji wa Korogwe, nilikuwa nimekisikia, wala sikukitilia maanani. Kwa hiyo nikamwambia ukweli: kule hakuna mtu. Hakuna nyumba, hakuna kaburi la ukoo, hakuna hata jirani wa kumwamkia. Kitovu hakizikwi pasipo na watu.

"Sisi tutakuwepo," akasema. Hakupandisha sauti. Aliingia ndani kumbadilisha mtoto nguo, na mumewe akaanza kuifungia mizizi kwa sandarusi iliyoloweshwa maji.

Tulikwenda kwa kigari chake. Yeye anaendesha, mkewe pembeni yake amembeba mtoto, kwa hiyo mti ukaja kwangu. Ndiyo, mimi niliupakata, huo huo, unanilowesha gauni langu la kutokea. Mkwe mwenzangu alikuwa kando yangu kiti cha nyuma, ameyashika matawi kwa mikono miwili yasigonge kioo, kila mmoja wetu anatazama dirisha lake. Kulikuwa na mkonge pande zote za barabara mpaka Makuyuni.

Kiwanja kilikuwa kama nilivyotegemea, kibaya. Msingi wa tofali umeota nyasi, rundo la kokoto limezama kwenye magugu, na vigingi vya mipaka vimelalia upande. Mkwe aliazima jembe kwenye shamba la jirani wa mbali, akaanza kuchimba, na kwa jinsi alivyolishika lile jembe ungedhani linauma. Nilikunja mikono nikamwacha. Shimo likapatikana, la pembe pembe, lakini shimo.

Kisha akapiga magoti na koleo lake akaanza kuufungua waya. Aliufungua mzunguko mmoja mmoja kutoka shinani mpaka kwenye tawi la mwisho, anaukata vipande vidogo ili usiukwaruze mti, na kila kipande anatia mfukoni. Waya ulipokwisha, gome lilikuwa na makovu ya mzunguko juu mpaka chini. Akaushusha mti shimoni. Akaugeuza kidogo, uso wake uelekee mbele, kwa mazoea. Halafu akakumbuka kwamba ardhini mti hauna mbele, akaushika tu vile, haufukii wala hautoi, machozi yanamtiririka kwenye ndevu. Mwanamume kulilia mkwaju! Nilitafuta neno la kumkebehi na maneno ninayo mengi, lakini siku hiyo halikuja hata moja. Mama yake ndiye aliyeinama akaanza kusukuma udongo. Nami nikainama, kwa sababu nisingekubali asukume peke yake.

Tulipomaliza tukamwagia maji ya dumu. Mti ulisimama pale kwenye pori la kiwanja, mdogo kuliko magugu, hata mbuzi angeupita asiuone. Tuliuzungushia mawe.

Binti yangu hakusubiri. Alikuwa amepanda juu ya msingi, mtoto begani, anatembea juu ya tofali kama mtu aliyeko ndani ya nyumba. Kitovu chake yeye nilikizika mimi mwenyewe, Mazingara, mama yangu akinishikia taa, na nilihakikisha kimekwenda chini sana. Nikamsikia anamwonyesha mtoto. Hapa jikoni, mwanangu. Hapa baba na mama. Hapa chumba chako, dirisha lako litatazama mti. Hapa stoo. Hapa atakaa mdogo wako, Mungu akijalia. Akaenda mpaka mwisho wa msingi, akageuka, akarudi, akarudia vyumba vyote upya kwa sauti ya wimbo. Nami nikawa nimesimama na dumu tupu mkononi nasikiliza, nikingoja chumba cha bibi.

"Wala mimi hajanitaja," akasema mkwe mwenzangu.